Siku tano Xiamen baada ya maonyesho ya Guangzhou: uchambuzi wa mpango mmoja wa safari

Mume na mke wenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo wanakwenda China kwa awamu ya pili ya Maonyesho ya Canton, Guangzhou, tarehe 23 hadi 27 Oktoba. Awamu hiyo ndiyo ya vifaa vya ujenzi, fanicha na vyombo vya nyumbani. Ndege ya kurudi Dar es Salaam inaondoka Guangzhou tarehe 3 Novemba, kwa hiyo wana takriban wiki moja ya kutumia. Wameichagua Xiamen, mji wa bandari mkoani Fujian unaotazamana na Taiwan, kwa sababu mbili zenye akili: ni mji wa pwani unaofaa kupumzikia, na uko jirani na Shuitou, kitovu cha biashara ya granaiti na marumaru ya asili.

Mpango wao wa kwanza, waliotuletea tuukague, ulikuwa hivi: tarehe 28 na 29 Hong Kong, tarehe 30 treni ya mwendokasi kutoka Shenzhen hadi Xiamen, na hoteli ya bei nafuu karibu na stesheni ya Xiamen Bei, tarehe 31 asubuhi kivuko cha kwenda kisiwa cha Gulangyu kutoka gati ya katikati ya mji, tarehe 1 Novemba kuona tulou, yale majumba ya udongo ya mviringo, kwa treni ya kwenda Nanjing, tarehe 2 kwenda Shuitou na kurudi Guangzhou usiku, tayari kwa ndege ya kesho yake.

Kwenye karatasi unapendeza. Lakini ungevunjika siku ya kwanza, na hata ungepita hapo, ungevunjika tena mara kadhaa. Kosa lake kubwa ni kwamba ulianza na orodha ya vivutio, vitu vinavyofungwa kwa tarehe na pasipoti vikaachwa vijipange vyenyewe baadaye. Katika China ya leo tiketi ya treni, tiketi ya kivuko, hoteli na hata pochi ya simu vyote vinasoma pasipoti. Hivyo ndivyo vya kupangwa kwanza. Vivutio vinaingia kwenye nafasi inayobaki.

Viza inaifuta Hong Kong

Wawili hawa walikuwa na viza ya biashara, aina ya M, ya kuingia mara moja. Mtanzania haombi viza kuingia Hong Kong kwa matembezi mafupi, na hapo ndipo wengi wanaponaswa: kuingia Hong Kong ni rahisi, lakini kwa idara ya uhamiaji ya China Bara umekwisha kutoka nchini. Ile nafasi moja ya kuingia imetumika. Ukifika mpakani Shenzhen kutaka kurudi, huna viza, na treni ya Xiamen inaondoka bila wewe. Macau ni vilevile. Boti za kutoka Xiamen kwenda Kinmen nazo ni zilezile kwa athari yake, kwani Kinmen iko chini ya Taiwan, ingawa unaiona kwa macho kutoka ufukweni.

Kuna wanaosikia habari za kukaa siku kumi bila viza kwa msafiri anayepita kwenda nchi ya tatu. Utaratibu huo upo, Xiamen imo katika miji yake, lakini unahusu nchi zilizoorodheshwa tu, na Tanzania, Kenya na Uganda hazimo.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuomba tangu mwanzo viza ya kuingia mara mbili. Ya pili ni kuiacha Hong Kong. Pasipoti zao zilikuwa zimeshagongwa viza, kwa hiyo Hong Kong ikafutwa, na siku zake mbili zikaenda pwani. Sioni kwamba walipoteza kitu.

Wakati huohuo soma vitu viwili kwenye viza na usivichanganye. Kimoja ni tarehe ya mwisho ya kuingia. Kingine ni idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa kila unapoingia. Idadi hiyo ndiyo inayotawala tarehe ya ndege ya kurudi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ikae pamoja na pasipoti.

Tarehe

Hapa walibahatika, na bahati hiyo inafaa ielezwe. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, na China nzima inasafiri. Xiamen ni miongoni mwa miji inayofurika. Kuanzia Julai hadi Septemba ni msimu wa tufani. Tarehe 15 Septemba 2016 tufani Meranti iliipiga Xiamen yenyewe, na tarehe 28 Julai 2023 Doksuri ikaingia nchi kavu Jinjiang, jirani tu. Tufani ikikaribia, vivuko vya Gulangyu husimamishwa na treni za njia ya pwani hufutwa. Fedha ya tiketi hurudishwa, lakini siku hairudi. Mwisho wa Oktoba hatari hiyo imepungua sana ingawa haijaisha, joto liko nyuzi ishirini na kitu, na mvua ni kidogo. Upepo wa kaskazini-mashariki huanza kupanda katika mlango wa bahari wa Taiwan, ndugu yake kaskazi tunayoijua sisi, kwa hiyo jaketi jepesi la kuzuia upepo ni la lazima kwenye kivuko.

Kwa sababu hiyohiyo mpango wa kurudi Guangzhou usiku wa kuamkia ndege haukufaa. Treni moja ikifutwa, ndege ya kimataifa imepotea. Tulirudisha safari ya treni hadi tarehe 1 Novemba na kuiacha tarehe 2 wazi.

Treni: kinachoamua ni tarehe 14 Oktoba

Tiketi za treni China hufunguliwa siku 15 kabla, siku ya kununua na ya kusafiri zote zikihesabiwa. Treni ya tarehe 28 Oktoba kwa hiyo inaanza kuuzwa tarehe 14, na ya kurudi tarehe 1 Novemba inaanza tarehe 18. Siku zote hizo wanandoa hawa bado wako Dar. Na tarehe 28 ndiyo asubuhi ambayo wanunuzi wa awamu ya pili wanatawanyika kutoka Guangzhou. Anayesubiri anunue akifika, atapata kiti cha jioni au atakosa.

Kwa hiyo akaunti ya 12306, mfumo rasmi wa reli, ifunguliwe mapema Oktoba, maana uhakiki wa pasipoti ya mgeni huweza kuchukua siku. Anayeona usumbufu atumie Trip.com na kulipa ada kidogo ya huduma. Penye kuharibika ni jina. Sisi tuna majina matatu, na mara nyingi fomu inajazwa mawili. Andika kama lilivyo kwenye mistari ya chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti, kwa mpangilio uleule wa jina la ukoo na majina mengine. Tiketi ni ya kielektroniki. Pasipoti halisi ndiyo tiketi, na nakala haifai kitu. Kwenye lango, kama mashine haisomi pasipoti, pita mlango wa pembeni penye mhudumu. Lango hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, na kuna ukaguzi wa mizigo kabla ya hapo, kwa hiyo uwe stesheni saa nzima kabla.

Guangzhou ina stesheni nyingi, na kukosea stesheni ni kukosa treni. Angalia neno la mwisho la jina: Nan ni kusini, Bei kaskazini, Dong mashariki, Xi magharibi. Safari ya kwenda Xiamen huchukua takriban saa nne hadi tano. Saa kwenye tiketi zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24: treni ya 09:40 ni saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na China iko mbele ya Dar kwa saa tano.

Wazo la kupanda ndege lilijadiliwa. Angani ni zaidi kidogo ya saa moja, lakini ukijumlisha viwanja viwili muda unakaribiana, na ndege za ndani kwa kawaida huruhusu kilo 20 tu za begi la chini. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C ya China hairuhusiwi kwenye ndege za ndani ya nchi hiyo, na nyingi tunazonunua mitaani kwetu hazina alama hiyo. Treni ikashinda.

Simu na fedha

Haya hufanyiwa Dar, siyo Guangzhou. Alipay na WeChat, programu za simu za kulipia China, zinapokea kadi za Visa na Mastercard za nje. Malipo yasiyozidi yuani 200 hayatozwi ada ya ziada. Yanayozidi hutozwa asilimia 3. Weka kadi kwenye programu zote mbili, kwani moja ikigoma nyingine inakuokoa. Akaunti mpya ya WeChat mara nyingine hudai ithibitishwe na mtu mwenye akaunti ya zamani, na mtu huyo ni rahisi kumpata Kariakoo kuliko ukiwa peke yako hotelini.

Kinachowakwamisha Watanzania hasa ni namba ya siri ya mara moja ambayo benki hutuma kwa ujumbe mfupi. Laini yako ya nyumbani isipopokea ujumbe nje ya nchi, kadi inakataliwa na wewe unadhani programu ni mbovu. Washa romingi kabla ya kuondoka, na iambie benki kwamba kadi itatumika China na mtandaoni. Ukikwama saa mbili asubuhi Xiamen, Dar ni saa tisa usiku. Tawi la benki halitakusaidia mpaka mchana wa huko. Beba pia noti za yuani elfu moja au mbili. Dola taslimu zaidi ya 5,000 hutangazwa forodhani wakati wa kuingia.

WhatsApp, Google, Facebook na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China, wala ya hotelini. Kwa data ya romingi ya laini ya nje hufunguka, kwa kuwa mawasiliano hupitia mtandao wa nyumbani. Ramani ya kutumia ni Amap, na teksi huitwa kwa DiDi ndani ya Alipay. Jina na anwani ya hoteli kwa maandishi ya Kichina ziwe picha kwenye simu.

Hoteli na Gulangyu

Xiamen ya zamani iko kisiwani. Stesheni ya Xiamen Bei iko bara, upande wa Jimei. Hoteli karibu na Xiamen Bei ni nafuu kwa sababu iko mbali na kila kitu wanachokwenda kuona. Metro namba 1 kutoka hapo hadi Zhenhai Lu, mwisho wa njia, ni karibu saa nzima, na sehemu yake inapita juu ya bahari ikiwa wazi kabisa, kaa dirishani. Kulala karibu na Zhenhai Lu kunaweka barabara ya Zhongshan, migahawa na bahari kwenye umbali wa kutembea, na saa mbili za kila siku zinaokolewa. Walihamishiwa huko.

Wachague hoteli iliyozoea wageni. Kila mgeni wa nje lazima aandikishwe polisi ndani ya saa 24 za kufika. Hoteli hufanya hivyo yenyewe kwa pasipoti, lakini nyumba ndogo za wageni mara nyingine hazijui kuingiza pasipoti ya nje kwenye mfumo. Airbnb iliacha kukodisha nyumba za China mwaka 2022. Anayelala kwa rafiki huenda kituo cha polisi mwenyewe.

Sasa kivuko, kosa linalowapata karibu wageni wote. Ukisimama mwisho wa barabara ya Zhongshan unaiona Gulangyu ng'ambo, karibu kama Kigamboni kutoka Magogoni, na gati ya Lundu ipo hapohapo mbele yako. Mchana gati hiyo ni ya wakazi. Mtalii huondokea gati ya Kituo cha Meli za Kitalii, upande wa Dongdu, kilomita kadhaa kutoka hapo, panapofikika kwa metro namba 2, kituo cha Youlun Zhongxin. Kutoka huko kivuko huchukua dakika 20 hivi hadi gati za Sanqiutian au Neicuoao. Tiketi ya kawaida ya kwenda na kurudi ni yuani 35, ina saa maalum, na hununuliwa kwa namba ya pasipoti kupitia akaunti ya WeChat ya kampuni ya vivuko. Kisiwa kina kikomo cha watalii kwa siku, kwa hiyo mwishoni mwa wiki tiketi za asubuhi huisha mapema. Ichukue siku ya kazi, kivuko cha saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, kabla ya makundi yenye vibendera. Jioni vivuko vya watalii huhamia Lundu, kwa hiyo ukirudi gizani unashuka karibu na hoteli yako.

Gulangyu ina ukubwa usiofika kilomita mbili za mraba, haina magari wala baiskeli, na vilima vyake vina ngazi nyingi. Viatu vya kutembelea, maji, na begi dogo tu. Ilikuwa eneo la makazi ya kimataifa tangu mwanzo wa karne ya 20, na nyumba za balozi, makanisa na majumba ya Wachina waliorudi na utajiri kutoka Asia ya Kusini-Mashariki ndizo zilizoiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2017. Panda Riguangyan, jiwe la juu kabisa, asubuhi mapema kabla foleni haijajaa ngazi. Kisha bustani ya Shuzhuang yenye makumbusho ya piano. Mchana toka kwenye njia kuu ya maduka ingia vichochoro vya upande wa magharibi. Hapo ndipo kisiwa kilipo.

Nanjing mbili

Tiketi ya tulou iliyokuwa imewekwa kwenye kikapu ilionyesha safari ya saa nyingi, nao wakadhani ni treni ya polepole. Haikuwa hivyo. Kuna Nanjing 南京, jiji kubwa la mkoa wa Jiangsu, na kuna Nanjing 南靖, wilaya ya Fujian yenye tulou, chini ya saa moja kwa treni kutoka Xiamen. Kwa herufi za Kilatini ni sawasawa. Njia ya kujikinga ni kulinganisha herufi za Kichina na kutazama muda wa safari. Angalia hivyohivyo Quanzhou na Guangzhou, ambazo jicho lililochoka huzisoma kama moja.

Hata kwa tiketi sahihi, tulou iliondolewa. Kutoka stesheni bado kuna mwendo mrefu wa milima kwa gari, siku nzima inaisha barabarani, na kijiji kinatazamwa kwa haraka. Anayetaka tulou alale hukohuko usiku mmoja. Siku hiyo tuliipa Quanzhou, mji wa bandari ulio jirani na Xiamen, na kwa msafiri wa Afrika Mashariki naona ndilo chaguo la haki.

Quanzhou ndiyo Zaitun ya wasafiri wa Kiarabu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alishuka bandari hii miaka ya 1340 na kuihesabu miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Vigae vya porselini ya China vinavyookotwa kwenye magofu ya pwani yetu vilisafiri katika biashara hiyohiyo ya Bahari ya Hindi. Msikiti wa Qingjing ulioko mtaa wa Tumen ulijengwa mwaka 1009, na maandishi yake ya Kiarabu yanataja matengenezo ya mwanzoni mwa karne ya 14 yaliyofanywa na mtu wa Shiraz. Mwenye kujua masimulizi ya Washirazi wa Kilwa atasimama hapo kwa muda. Makumbusho ya Bahari yana mawe ya makaburi ya Kiislamu yenye Kiarabu, na katika eneo la hekalu la Kaiyuan kuna mabaki ya jahazi la enzi ya Song lililofukuliwa mwaka 1974. Makumbusho hufungwa Jumatatu, kwa hiyo siku hii isiangukie Jumatatu.

Treni kutoka Xiamen Bei ni nusu saa hadi dakika arobaini na tano hivi, chini ya yuani 50. Chagua stesheni ya Quanzhou, siyo Quanzhou Dong wala Quanzhou Nan, zilizofunguliwa na njia mpya ya Fuzhou–Xiamen Septemba 2023 na ambazo ziko nje zaidi. Ndani ya mji mkongwe kuna mabasi madogo meupe ya umeme kwa nauli ndogo.

Kwa chakula, wanandoa hawa ni Waislamu, na vyakula maarufu vya Xiamen vina mtego: omleti ya chaza mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na supu ya tambi za shacha hupikwa kwenye sufuria moja na viungo vya kila namna. Tafuta kibao chenye 清真, alama ya halali. Migahawa ya tambi za Lanzhou ipo karibu kila mtaa mkubwa, ina nyama ya ng'ombe na kondoo, na picha ukutani za kuonyeshea kwa kidole.

Siku ya Shuitou

Shuitou iko wilaya ya Nan'an, kati ya Xiamen na Quanzhou, na hufikiwa vizuri zaidi kwa gari la kiwanda au la kukodi kwa siku. Kila bamba la jiwe utakalolichagua lipigwe picha likiwa na namba yake, likiwa limelowa maji na likiwa kavu, kwa kuwa maji huficha madoa na kuzidisha rangi. Weka sahihi yako pembeni mwa bamba. Piga hesabu ya uzito papo hapo: granaiti ya unene wa sentimita 2 ina takriban kilo 54 kwa mita ya mraba, kwa hiyo kontena la futi 20 likipakiwa tani 27 hujaa kwa uzito kwenye mita za mraba 450 hadi 500 hivi, kreti zikihesabiwa, ingawa nusu ya nafasi bado ni tupu. Bei nzuri ya bamba isiyozingatia hilo huwa ghali ikifika Dar. Kreti za mbao ziwe na muhuri wa dawa ya wadudu, ISPM 15.

Mpango uliotoka

Tarehe 28 treni ya asubuhi, hoteli ya Zhenhai Lu, jioni barabara ya Zhongshan. Tarehe 29 Gulangyu. Tarehe 30 Shuitou. Tarehe 31 Quanzhou. Tarehe 1 Novemba treni ya mchana kurudi Guangzhou, asubuhi ikiachwa kwa hekalu la Nanputuo na ufukwe. Chuo Kikuu cha Xiamen kilichopakana nalo kinataka miadi ya mapema, na tulikiacha. Ikiwa bahari itachafuka tarehe 29, Gulangyu na Shuitou zinabadilishana nafasi, kwa hiyo kiwanda kiambiwe tangu mwanzo kwamba siku yake ni mojawapo ya hizo mbili.

Masanduku makubwa na katalogi za maonyesho yabaki kwenye hoteli ya Guangzhou, watakakorudi kulala tarehe 1. Treni inaruhusu kilo 20 kwa mtu na begi ambalo urefu, upana na kina chake vikijumlishwa havizidi sentimita 130. Vipande vya sampuli za mawe visibebwe mkononi kabisa. Kiwanda kivitume kwa kurieri hadi hoteli hiyo ya Guangzhou, vikiandikwa jina la pasipoti na namba ya simu ya mapokezi, na vitumwe tarehe 30 ileile ili siku mbili za njiani zisizidi tarehe 2.